Anzia kwa Daktari: Hotuba kwa Vijana Wanaoomba Kusomeshwa Urubani na Shirika la Ndege

Wazazi na walezi wetu, shikamooni. Walimu, hamjambo. Nanyi vijana mliomaliza kidato cha sita, pamoja na wa kidato cha nne mliokuja kusikiliza tu, karibuni.

Naanza na neno "kusomeshwa", maana ndilo linalowapoteza watu wengi. Ukisikia kusomeshwa unawaza ufadhili wa kawaida: fedha zimetoka, mtoto kasoma, kahitimu, kaenda zake. Shirika la ndege haliendi hivyo. Shirika lina ndege iliyoagizwa, inakuja mwaka fulani na mwezi fulani, na siku ikitua lazima wawepo watu wa kuirusha. Kadeti, yaani mwanafunzi wa urubani, anayechukuliwa leo ni sehemu ya hesabu hiyo. Kwa hiyo anayesoma fomu yako hajiulizi kama unastahili kusaidiwa. Anajiuliza kama siku ile utakuwa umekaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, leseni mkononi, afya nzima, karatasi hazina utata. Kila hatua nitakayoieleza leo, kuanzia kipimo cha macho hadi sahihi ya mzazi, inatoka kwenye swali hilo.

Kwanza, ujue unaomba nini. Kuna mpango ambao shirika hulipa kila kitu. British Airways walipoanzisha Speedbird Pilot Academy mwaka 2023 walitangaza kubeba gharama za mafunzo, lakini mwombaji lazima awe na haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza. Kijana wa Temeke au wa Likoni akiijaza fomu ile anapoteza wiki zake. Binamu yake aliyezaliwa Leicester na mwenye pasipoti ya huko, huyo ajaze. Kuna mpango wa pili, shirika hulipa kisha hukata mshahara wako kidogo kidogo. Na upo wa tatu, ambao jina la shirika limeandikwa mlangoni lakini ada unalipa wewe. Chuo cha Emirates kule Dubai hupokea wanafunzi wa mataifa mengi wanaojilipia. Kadeti wanaolipiwa na shirika lenyewe ni raia wa Falme za Kiarabu. Chuo cha Ethiopian kule Addis Ababa nacho kina wanaojilipia na waliotumwa na shirika, na wanakaa darasa moja. Ukiona picha ya ndege na sare usiridhike. Tafuta sentensi moja tu kwenye tangazo: nani analipa, na lini.

Na matapeli wapo. Baadhi ya mashirika hutoza gharama ya mtihani wa kompyuta, hilo ni la kawaida, lakini hulipwa kwa shirika au kituo cha mtihani na unapewa risiti. Ukiambiwa utume "hela ya kushughulikia fomu" kwenye namba ya simu ya mtu, funga mazungumzo.

Sasa tuje kwa daktari. Watu hujaza fomu, hufaulu mitihani miwili mitatu, wakashona hadi suti ya usaili, ndipo wakapelekwa kupimwa afya na safari ikaishia hapo. Geuza mpangilio. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na hakitolewi na daktari yeyote tu. Kinatolewa kupitia daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga: Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, Uganda ni UCAA. Waulize mamlaka majina ya madaktari wao. Kama fedha ya uchunguzi wote haipo kwa sasa, anza na vile viwili vinavyoangusha watu bila wao kujua: macho na masikio. Hivyo hata kliniki ya kawaida ya macho na masikio itakupa picha.

Kwenye macho, kiwango cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ni 6/9 kwa kila jicho likipimwa peke yake na 6/6 kwa macho yote mawili pamoja, kwa miwani au bila miwani. Nasisitiza hapo kwa miwani, kwa sababu kuna vijana wengi wazuri waliokata tamaa darasa la saba kwa kuambiwa mtu wa miwani harushi ndege. Anarusha. Anachotakiwa ni kuivaa, na kuwa na jozi ya akiba karibu naye. Kinachosumbua kweli ni rangi. Utaonyeshwa kurasa za Ishihara, vidoti vya rangi vyenye namba ndani yake. Asiyetofautisha nyekundu na kijani vizuri hana dalili yoyote maishani, haumwi popote, na mara nyingi ni mvulana. Kushindwa kurasa zile si mwisho, kwani vipo vipimo vya pili vya taa au vya kompyuta, lakini uende ukijua, siyo ugundue siku ya usaili.

Masikio hupimwa kwa mashine chumba kikiwa kimya. Kila sikio linatakiwa lisipoteze zaidi ya desibeli 35 kwenye mawimbi ya hezi 500, 1,000 na 2,000, wala zaidi ya 50 kwenye hezi 3,000. Usiku wa kuamkia kipimo usilale na spika za masikioni, wala usihudhurie ngoma ya muziki wa maspika. Ukiwa na mafua, ahirisha. Pua ikiziba, ngoma ya sikio haisogei inavyotakiwa, na daktari ataandika alichokiona siku hiyo.

Halafu damu. Pwani na Kanda ya Ziwa familia nyingi zina siko seli, na wazazi huuliza hili kwa kunong'ona, basi acha nilijibu kwa sauti. Kubeba kinasaba kimoja, yaani AS, kwa kawaida hakumzuii mtu kupata cheti. Ugonjwa wenyewe ni habari nyingine. Virusi vya Ukimwi navyo, kwa kanuni za ICAO, havimfungii mtu mlango kwa jina tu. Vinataka uchunguzi kamili kuonyesha kwamba hakuna athari inayoweza kuingilia urushaji. Uamuzi ni wa madaktari wa mamlaka, siyo wa jirani.

Usifiche kitu kwenye fomu ya daktari. Pumu ya utotoni, kifafa, kulazwa kwa ajali ya bodaboda, dawa unazotumia, andika. Fomu ile ni tamko la kisheria. Pumu iliyoandikwa mara nyingi huishia kwenye kipimo cha mapafu na barua ya daktari. Iliyofichwa, ikija kuonekana mwaka wa tatu, unapoteza leseni, na deni la shirika linabaki palepale.

Karatasi nazipitia haraka, ila kuna moja inayorudisha watu nyumbani kila msimu: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi Juma, cha kidato cha nne kinasema Said J. Mohamed, kitambulisho cha taifa kimegeuza mpangilio, pasipoti imeongeza jina la babu. Kwako ni mtu mmoja. Kwa anayekagua maombi elfu kadhaa ni watu wanne. Nenda kwa wakili uape kiapo cha majina, au urekebishe vyeti, mwezi huu, kabla tangazo halijatoka, kwa sababu tangazo likitoka dirisha huwa fupi. Pasipoti iwe na muda mrefu mbele yake. Cheti cha tabia njema cha polisi nacho kinachukua siku na alama za vidole, kiombe mapema. Masomo wanayoyatazama zaidi ni hisabati, fizikia na Kiingereza. Kiingereza hakikwepeki: kanuni inataka angalau ngazi ya 4 ya ICAO katika kuongea na kuelewa redioni, na aliyepata ngazi hiyo hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu.

Sasa mtihani wa uwezo. Huu hufanywa kwenye kompyuta, na humo ndimo wengi huchujwa. Haukuulizi ulichosoma. Unapima mambo matatu kwa wakati mmoja: mkono unafuatilia kitu kinachotembea kwenye skrini kwa kutumia usukani mdogo, sikio linasikiliza namba, na kichwa kinafanya hesabu. Makosa ya kawaida ni kulikamilisha moja na kuyaachia mengine yafe. Anayepata alama nzuri ni yule ambaye yote matatu yanakwenda wastani, hakuna lililoachwa.

Hesabu zake ni za shule ya msingi, ila bila kikokotoo na saa ikikukimbiza. Tufanye moja hapa. Ndege inakwenda maili 240 za baharini kwa saa. Imebakiza maili 90. Itafika baada ya dakika ngapi? Usigawanye 90 kwa 240, utazama. Sema hivi: 240 kwa saa ni 4 kwa dakika. 90 gawa kwa 4, dakika 22 na nusu. Inakunywa mafuta kilo 2,400 kwa saa? Ni kilo 40 kwa dakika, kwa hiyo itatumia 900. Nyingine: unaelekea nyuzi 070 za dira, unageuka kushoto nyuzi 110, sasa unaelekea wapi? 70 toa 110 inakupa 40 chini ya sifuri. 360 toa 40, uko 320. Na mwelekeo wa kurudi ulikotoka: ongeza 200, toa 20. Ukielekea 147, kinyume chake ni 327. Namba ikianza kuzidi 180 fanya kinyume, toa 200 ongeza 20. Dakika 20 kila asubuhi kwa miezi miwili, kwa sauti, ukiwa kwenye daladala au unaosha vyombo, zinatosha. Kilichopo ni kuizoesha akili kujibu huku mikono ina kazi nyingine, na hilo huwezi kulifanya usiku wa mwisho.

Ukipita hapo unaitwa kwa shughuli ya kikundi. Watu sita, meza moja, tatizo lenye habari nyingi kupita kiasi, dakika 30. Anayeanguka hapa mara nyingi ni yule aliyekamata kalamu na kuongea dakika zote. Wanaotazama pembeni hawajali sana kama jibu ni sahihi. Wanaangalia nani alitazama saa, nani alimuuliza yule aliyekaa kimya, nani alibadili msimamo alipoletewa hoja nzuri. Chumba cha rubani kina watu wawili, na ndege zimeanguka kwa sababu mmoja aliona kosa akanyamaza kumheshimu mkubwa. Sisi tuliolelewa kusema shikamoo tunahitaji kulifikiria hili kwa makini. Heshima ibaki, lakini ukiona mafuta yanapungua useme, na useme kwa maneno yaliyonyooka.

Katika usaili watauliza kwa nini wao na siyo wengine. Jibu la "tangu utotoni napenda ndege" wamelisikia asubuhi hiyo mara kumi. Zijue ndege zao. Ukiomba Air Tanzania ujue wana Dash 8 Q400 za mapanga, Airbus A220, na Boeing 787 za masafa marefu. Precision Air ni ATR. Kenya Airways ni Embraer 190, Boeing 737 na 787. Uganda Airlines ni CRJ900 na A330. Ujue pia kwamba A220 duniani kote zilipata taabu ya injini, baadhi zikaegeshwa, na uweze kueleza athari yake kwa ratiba. Hiyo inaonyesha unafuatilia biashara, siyo rangi ya mkia tu.

Maswali ya kiufundi hayatakwenda mbali, lakini yatakwenda mahali unapoishi. Mfano wanaoupenda: kwa nini ndege ndogo inayopaa vizuri Zanzibar inahangaika mchana pale Wilson, Nairobi? Jibu lenye uzito lina namba. Wilson iko zaidi kidogo ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida, joto ni nyuzi 15 usawa wa bahari na hupungua nyuzi 2 kila futi 1,000, kwa hiyo pale lingetakiwa kuwa nyuzi 4. Mchana ni 25. Limezidi kwa nyuzi 21, na kila nyuzi moja ni kama futi 120 zaidi. Zidisha, unapata kama futi 2,500. Jumlisha na zile 5,500. Injini, propela na mabawa vinafanya kazi kana kwamba uwanja uko futi 8,000. Hewa ni nyepesi, mbio za kupaa zinarefuka, kupanda kunakuwa kwa taabu. Ukiieleza hivyo kwa utulivu, ukichora kwenye karatasi, umeshamaliza swali na mengine mawili yaliyokuwa yanafuata.

Simuleta isikutishe. Hawategemei ujue kurusha. Watakuonyesha jambo mara moja, utalifanya vibaya, watakurekebisha, utarudia. Wanachoandika ni tofauti kati ya mara ya kwanza na ya tatu. Shika usukani kwa vidole, usiukabe kama ng'ombe anayetoroka. Na usiufukuze mshale wa kipimo: weka pua ya ndege mahali pake, weka nguvu ya injini, subiri, kisha ndipo urekebishe.

Umefaulu. Umepigiwa simu. Nyumbani wanapiga vigelegele. Hapa ndipo naomba utulie kuliko mahali pote, kwa sababu mezani kuna mkataba, na una siku chache za kuusaini.

Kwanza tazama aina ya leseni. Njia ya kawaida ni leseni ya rubani wa biashara, ambayo kwa viwango vya ICAO inataka saa 200 za kuruka, au 150 kwa kozi moja mfululizo iliyoidhinishwa, kisha unaongeza ndege za injini mbili na kuruka kwa kusoma vyombo bila kutegemea kuona nje. Njia ya pili ni leseni ya rubani wa ndege zinazorushwa na marubani zaidi ya mmoja, MPL, ambayo ICAO iliiruhusu mwaka 2006: saa 240, sehemu kubwa kwenye simuleta, na unatoka ukiwa umefundwa kwa ndege za shirika lile. Ni njia nzuri shirika likiwa hai. Lakini mashirika hufa. Flybe ya Uingereza ilifunga Machi 2020. Sasa fikiria hali ya kwetu. Rubani mchanga asiye na shirika hapa huanzia kwenye ndege ndogo ya Cessna Caravan, peke yake, akipeleka watalii Serengeti au Maasai Mara. Mwenye MPL peke yake haruhusiwi kufanya kazi hiyo mpaka aongeze mafunzo na leseni. Uliza kabla: shirika likisimama katikati ya kozi, mafunzo ya kunibadilisha leseni analipa nani?

Uliza hilohilo kuhusu nchi ya mafunzo. Ukisomea Afrika Kusini au Marekani unarudi na leseni ya huko, na kuibadilisha iwe ya TCAA au KCAA kunataka mitihani, kipimo cha kuruka, ada, na miezi ya kusubiri. Je, miezi hiyo unalipwa, na deni linahesabiwa?

Halafu fedha. Tuchukue mfano wa kubuni, deni la dola 60,000 kwa miaka mitano ya kufanya kazi. Ni miezi 60. Kama mkataba unasema deni hupungua kila mwezi, basi kila mwezi linashuka dola 1,000, na ukiondoka baada ya miaka mitatu unadaiwa 24,000. Kama halisemi hivyo, ukiondoka mwezi wa 59 unaweza kudaiwa 60,000 zote. Tofauti ya maisha yako imo kwenye kistari kimoja cha kifungu. Tazama saa ya miaka mitano inaanza lini: siku ya kusaini, siku ya kupata leseni, au siku ya kwanza ya kubeba abiria? Katikati hapo panaweza kupita mwaka mzima na zaidi. Tazama sarafu. Deni la dola kwa mshahara wa shilingi hupanda hata ukiwa umelala.

Viko vifungu vitatu ambavyo vijana huviruka. Nikipoteza cheti cha afya bila kosa langu, deni linafutwa, linalipwa na bima, au linabaki? Nikifeli somo? Kwa mfumo wa Ulaya masomo ya nadharia ni 13, ufaulu ni asilimia 75, na kila somo una nafasi nne, lakini mashirika mengi hayakuvumilii hadi ya nne, kwa hiyo mkataba useme ni ngapi. Na nikimaliza kila kitu halafu shirika lisinipe kazi kwa sababu ndege zimechelewa, je, niko huru kuomba kwingine, au nimefungwa huku silipwi?

Mwisho ni mdhamini. Shirika litataka mtu wa kusaini pamoja nawe, na wakati mwingine mali. Mzazi asisaini kwa furaha ya siku ile. Mpelekeeni wakili asiye wa shirika, mumlipe, asome kurasa zote, na awaeleze kwa Kiswahili nini kinauzwa, na nani anakiuza, kijana akifeli mwezi wa nne wa mafunzo. Shirika likikataa kuwapa nakala ya kwenda nayo nyumbani, hilo nalo ni jibu.

Mkikataliwa, ombeni maelezo kwa barua ya heshima, mengine hayatolewi lakini hakuna ubaya kuuliza, na someni kama kuna muda wa kusubiri kabla ya kuomba tena. Cheti cha afya kwa umri wenu hudumu miezi 12, msikiache kife katikati.

Naona mikono ya wazazi imekuwa juu tangu nilipotaja mali ya dhamana. Mama uliyekaa pale mlangoni, tuanzie kwako.